Joto Ambalo Kipimajoto Hakilioni

Miongoni mwa vyombo ambavyo sayansi imeviingiza katika maisha ya kila siku, kipimajoto ni kimoja cha vile vinavyoaminiwa zaidi, kwa kuwa kauli yake ni tarakimu, na tarakimu haina upendeleo. Kwa tarakimu hiyo mgonjwa huambiwa kwamba ana homa, mkulima huambiwa kwamba msimu umebadilika, na mataifa huambiwa kwamba dunia inazidi kupata moto. Hata hivyo chombo hicho, pamoja na ukweli wake wote, hujibu swali moja tu, nalo ni la ukali: kitu hiki kimepata moto kiasi gani? Swali la pili, la wingi, yaani ni nishati kiasi gani iliyoingia au iliyotoka mpaka kitu hicho kikafika hapo kilipo, kipimajoto hakikuundwa kulijibu. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya joto linaloendesha dunia, lile linalosukuma pepo, linalotoka mwilini kwa jasho na linalowekwa akiba na bahari, hupita pasipo kuigusa tarakimu hiyo au huigusa kidogo mno. Na kwamba jamii isiyojizoeza kutenganisha ukali na wingi itaendelea kuzidharau dalili ndogo zenye madhara makubwa.

Ni vyema kuanza na mipaka ya istilahi. Maada yote, iwe jiwe, maji au hewa, imeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi na molekuli, ambazo hazitulii hata kidogo: katika yabisi hutikisika mahali pamoja, katika kimiminika hupishana zikigusana, na katika gesi hukimbia huku na huku, kiasi kwamba molekuli za hewa ya chumba cha kawaida huwa na mwendo wa wastani unaokaribia mita 500 kwa sekunde. Halijoto ni kipimo cha nishati ya wastani ya mwendo huo, na ndiyo inayosomwa kwenye kipimajoto. Nishati ya ndani ni jumla ya nishati ya chembe zote za kitu, ile ya mwendo pamoja na ile ya mvutano uliopo baina yao. Joto, kwa maana yake ya kisayansi, ni nishati iliyo safarini, inayotoka kwenye kitu chenye halijoto ya juu kwenda kwenye kitu chenye halijoto ya chini kwa sababu ya tofauti hiyo peke yake. Kwa hiyo halijoto huamua joto litaelekea wapi, lakini haitaji ni joto kiasi gani litakalopita.

Cheche iliyoruka kutoka jiko la mkaa huweza kuwa na halijoto ya mamia ya nyuzi, lakini ikitua mkononi huunguza mahali padogo na kuzimika, kwa sababu uzito wake ni sehemu ndogo tu ya gramu na akiba yake ya nishati ni haba. Ndoo ya lita 20 za maji ya uvuguvugu, ambayo mtoto huogeshwa bila hofu yoyote, hutoa jouli zipatazo 84,000 kila inapopoa kwa nyuzijoto 1 ya Selsiasi, kwa kuwa kila gramu ya maji huhitaji jouli 4.18 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi 1, na hurudisha kiasi hichohicho inaposhuka. Cheche inaishinda ndoo kwa ukali, na ndoo inaishinda cheche kwa wingi, tena kwa tofauti isiyolinganishika. Mkono wenyewe nao hauaminiki katika kuamua shauri hili, kwani mtu anayegusa komeo la chuma na ubao wa mlango alfajiri huona chuma ni baridi zaidi, ilhali vyote viwili vimelala katika halijoto moja. Kinachohisiwa na ngozi ni kasi ya joto linalotoka mwilini, na chuma hulichukua upesi kuliko ubao.

Aliyeutenga waziwazi wingi wa joto na ukali wake alikuwa Joseph Black, tabibu na mwanakemia aliyezaliwa Bordeaux mwaka 1728 na kufundisha katika vyuo vikuu vya Glasgow na Edinburgh. Kabla yake ilidhaniwa kwamba barafu ikishafikia kiwango chake cha kuyeyuka, joto kidogo tu la nyongeza lingetosha kuigeuza yote kuwa maji. Black aliona kwamba dhana hiyo haiwezi kuwa kweli, kwa sababu kama mambo yangekuwa hivyo, theluji yote ya milimani ingeyeyuka kwa ghafla mara baridi ilipolegea, na mafuriko yangefagia mabonde ya nchi za baridi kila mwaka. Yapata mwaka 1761 aliweka katika ukumbi mkubwa chupa mbili za mviringo zenye kioo chembamba, moja ikiwa na barafu iliyokuwa ikianza kuyeyuka na nyingine ikiwa na maji yaliyopozwa hadi karibu na kiwango cha kuganda. Maji yalipanda nyuzi 7 za Fahrenheit kwa nusu saa, ilhali barafu ilichukua saa 10 na nusu kuyeyuka na kufikia halijoto hiyohiyo.

Hesabu aliyoifanya baada ya hapo inastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa kuwa ndani yake mna wazo zima. Chupa zote mbili zilipokea joto kutoka ukumbi mmoja kwa kasi iliyokaribiana, na saa 10 na nusu ni sawa na nusu saa 21. Basi barafu ilikuwa imepokea joto ambalo lingetosha kupandisha halijoto ya maji kwa nyuzi 7 mara 21, yaani nyuzi 147. Kipimajoto kilichotiwa ndani ya chupa hiyo kilionyesha kupanda kwa nyuzi 8 tu. Zilizobaki, nyuzi 139 hivi, zilikuwa zimeingia ndani ya barafu bila kuacha alama yoyote kwenye chombo cha kupimia. Black aliliita joto hilo joto fiche, na vipimo vya leo vimethibitisha kwamba hakuwa mbali na ukweli: kuyeyusha gramu 1 ya barafu huhitaji jouli 334, kiasi ambacho kingepandisha halijoto ya gramu hiyohiyo ya maji kwa nyuzi 80 za Selsiasi.

Joto hilo halikupotea, bali lilitumika kuzifungua molekuli kutoka katika mpangilio thabiti wa barafu, kazi ambayo haiongezi mwendo wa wastani wa chembe na kwa hiyo haionekani katika halijoto. Kazi ya kuzitenganisha molekuli kabisa ili maji yawe mvuke ni kubwa zaidi: gramu 1 ya maji hutoka kiwango cha kuganda hadi kiwango cha kuchemka kwa jouli 418 hivi, lakini ikishafika kwenye nyuzi 100 huhitaji jouli nyingine 2,260 ili igeuke mvuke wote, na muda wote huo kipimajoto hakisogei. Hesabu hiyo hulipwa kwa ukamilifu pande zote mbili, kwani mvuke unapogeuka tena kuwa maji hurudisha kila jouli uliyoichukua, na ndiyo sababu mvuke wa sufuria humjeruhi mpishi vibaya kuliko maji yanayochemka ya uzito uleule, ingawa vyote viwili vina halijoto moja.

Wafinyanzi wa Afrika Mashariki waliitumia kanuni hii bila kumsubiri mwanakemia yeyote. Mtungi na gudulia la udongo, vikichomwa bila kuzibwa vinyweleo, huyaruhusu maji kujipenyeza polepole hadi upande wa nje, ambako hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Gramu 1 inayovukiza namna hiyo huchukua takriban jouli 2,400, na kama zote zingetoka katika maji yaliyobaki, zingetosha kupoza gramu 100 kwa karibu nyuzi 6. Mwili wa binadamu hutegemea njia hiyohiyo. Mtu mzima aliyetulia huzalisha jouli zipatazo 100 kila sekunde, na siku ya hari, halijoto ya hewa inapoikaribia ile ya ngozi, njia nyingine za kulitoa joto hilo hudhoofika hata jasho likabaki kuwa tegemeo kuu. Gramu 150 hivi za jasho zikivukiza zote huondoa joto la saa nzima. Lakini jasho linalotiririka na kudondoka chini halipozi kitu, kwa sababu kinachopoza ni lile linalogeuka mvuke, na hilo hutegemea ukavu wa hewa. Hivyo mtungi hupoza vizuri zaidi katika hewa kavu ya Dodoma kuliko katika hewa nzito ya Tanga, na nyuzi 32 za Mombasa, fukuto linapotanda, humchosha mbeba mizigo kuliko nyuzi 35 za nyika kavu.

Kugundua kwamba joto lina wingi wake hakukuwa sawa na kugundua joto ni kitu gani. Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya waliamini kwamba ni umajimaji usio na uzito unaopenya katika vitu, nao waliuita kaloriki. Antoine Lavoisier, mwanzilishi wa kemia ya kisasa, aliiorodhesha kaloriki miongoni mwa elementi katika kitabu chake cha mwaka 1789. Nadharia hiyo ilieleza mambo mengi kwa ufasaha, na iliyumba pale tu ilipokutana na jambo ambalo umajimaji hauwezi kulifanya, yaani kuzalishwa bila kikomo. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyejulikana kama Count Rumford na aliyeitumikia serikali ya Bavaria, alisimamia utobozi wa mizinga mjini Munich, akaona kwamba kekee butu inayosugua shaba huweza kuchemsha maji baridi kwa saa 2 na nusu bila moto wowote, na kwamba kadiri farasi walivyoendelea kuzungusha mashine ndivyo joto lilivyoendelea kutoka. Katika andiko lake la mwaka 1798 alihoji vipi kitu kinachotoka bila kwisha kiwe dutu iliyofichwa ndani ya shaba, na akahitimisha kwamba joto ni mwendo.

Hitimisho hilo lilisubiri karibu nusu karne kupata vipimo vya kulitegemeza, navyo vilitoka kwa James Prescott Joule, mwana wa mmiliki wa kiwanda cha bia karibu na Manchester. Joule alifunga mizigo iliyokuwa ikishuka na kuzungusha makasia madogo ndani ya chombo cha maji, kisha akapima jinsi halijoto ya maji ilivyopanda kwa sehemu ndogo mno za nyuzi, akirudia zoezi hilo kwa uvumilivu wa miaka mingi mpaka alipochapisha jibu lake la mwaka 1850. Likigeuzwa kuwa vipimo vya kisasa, jibu hilo ni karibu jouli 4.15 za kazi kwa kila gramu ya maji na kila nyuzi 1, tofauti isiyofika asilimia 1 na ile inayokubaliwa leo. Tangu hapo jasho la mfanyakazi, kuni za jikoni na maji yanayoporomoka vikawa na sarafu moja ya hesabu, ambayo ilipewa jina la Joule. Na swali la wingi wa joto, ambalo Black alilijibu kwa kulinganisha chupa mbili, likawa sehemu ya sheria pana kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadili hali.

Joto likishafahamika kuwa nishati iliyo safarini, kinachobaki ni kuzieleza njia zake, ambazo ni tatu. Ya kwanza ni mpitisho, ambapo chembe hupokezana mtikisiko bila zenyewe kuhama. Metali ni vipitishi vyema kwa sababu zina elektroni huru, ilhali mbao, udongo uliochomwa na hewa iliyotulia ni vihami, yaani huzuia joto lisipite upesi. Ya pili ni msafara, ambapo sehemu ya kimiminika au gesi iliyopata moto hupanuka, huwa nyepesi na kupanda, na ile ya baridi hushuka kushika nafasi yake, kwa hiyo maada yenyewe husafiri ikiwa imebeba nishati. Ya tatu ni mnururisho, ambapo nishati husafiri kama mawimbi yasiyohitaji maada yoyote, na ndiyo inayovusha joto la jua katika utupu wa kilomita zipatazo milioni 150. Mwaka 1800 mwanafalaki William Herschel aliutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni mwanga wowote, na akakuta halijoto ikipanda huko. Katika jaribio hilo kipimajoto kilidhihirisha uwezo wake halisi, kwa kuwa kiliona kile ambacho jicho lilishindwa kukiona.

Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zinazikabili njia zote tatu kwa pamoja. Chokaa nyeupe ya nje hurudisha sehemu kubwa ya mnururisho wa jua, na vichochoro vyembamba hufanya nyumba moja iitilie kivuli nyingine. Kuta nene za mawe ya matumbawe hupitisha joto polepole, na kwa uzito wao humeza jouli nyingi huku halijoto yao ikipanda kidogo tu, hivyo joto la adhuhuri hufika upande wa ndani likiwa limepungua makali na limechelewa kwa saa nyingi. Kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi kwa juu, huiacha hewa iliyopata moto ipande na kutoka. Waashi wa nyumba hizo walijenga kwa kuuzingatia wingi wa joto, si ukali wake tu, na elimu yao inazidi kuhitajika sasa ambapo kuta nyembamba za saruji na paa la bati lisilo na dari vimekuwa desturi: bati ni jepesi na hupitisha joto upesi, halijoto yake hupanda punde jua linapolipiga, kisha lenyewe huwanururishia joto hilo waliokaa chini yake.

Tofauti baina ya kinachomeza joto taratibu na kinachopata moto upesi, ikifikia ukubwa wa bara na bahari, ndiyo iliyoipa pwani majira yake. Kwa uzito uleule, maji huhitaji joto linalokaribia mara 5 ya lile la mchanga mkavu ili kupanda nyuzi 1. Zaidi ya hayo mwanga wa jua hupenya ndani yake, na mawimbi huyachanganya hadi kina kirefu, ilhali nchi kavu hupokea joto lote kwenye tabaka jembamba la juu. Mchana ardhi hupata moto, hewa iliyo juu yake hupanda, na upepo hutoka baharini kuijaza nafasi. Usiku ardhi hupoa upesi, na umande huvuma kutoka bara kuelekea baharini, ukiwasindikiza wavuvi. Mwaka 1686 Edmond Halley aliieleza misimu ya pepo za Bahari ya Hindi kwa msingi huohuo, kwamba jua hulipasha bara la Asia kuliko bahari wakati wa kiangazi cha kaskazini, na mambo hugeuka miezi ya baridi. Elimu ya leo imeongeza mengi, hasa athari ya mzunguko wa dunia inayoupindisha mwelekeo wa upepo unapovuka ikweta, lakini kiini cha maelezo kimebaki: kusi na kaskazi huletwa na tofauti ya halijoto inayotokana na maji na ardhi kutofautiana katika kumeza joto.

Uzito wa tofauti hiyo unaonekana katika kumbukumbu za safari. Vasco da Gama alipoondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, pamoja na rubani aliyepewa na mtawala wa mji huo, kusi ilikuwa inaanza, na baada ya siku 26 alikuwa amefika karibu na Calicut. Aliporudi aliondoka pwani ya India mapema Oktoba, kabla kaskazi haijashika, na bahari ileile ilimchukua takriban miezi 3, huku mabaharia wengi wakifa kwa kiseyeye kabla hajaiona tena Malindi tarehe 7 Januari 1499. Manahodha wa Kiswahili, wa Kiarabu na wa Kihindi walikuwa wamezipanga biashara, ndoa na safari zao kulingana na misimu hiyo kwa karne nyingi. Tena upepo wa kusi hubeba zaidi ya vyombo. Maji yanayovukizwa na jua juu ya bahari huondoka na joto fiche, na yanapogeuka mvua huliachilia mawinguni: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni kilo 1 ya maji, na kuundwa kwake hutoa takriban jouli milioni 2.5. Joto hilo huiinua hewa zaidi na kuvuta upepo zaidi, hivyo sehemu ya nguvu ya msimu husafiri baharini kwa siku nyingi bila kipimajoto chochote kuionyesha.

Katika historia ya somo hili Tanzania ina jina lake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, aliweka kwenye jokofu maziwa yaliyochanganywa na sukari yakiwa bado ya moto, kwa kuhofia kukosa nafasi, akayakuta yameganda kuwa aiskrimu kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, lakini hakuliacha swali lake. Alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, kwa nini maji yaliyoanza kwenye nyuzi 100 huweza kuganda kabla ya yale yaliyoanza kwenye nyuzi 35. Wanafunzi wenzake walimcheka; Osborne alikwenda kulifanyia majaribio, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja kuhusu jambo ambalo tangu hapo limeitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Swali hilo halijapata jibu moja, na ugumu wake unafundisha mengi. Hakuna sheria inayovunjwa, kwa kuwa joto bado hutoka kwenye maji kwenda kwenye ubaridi wa jokofu. Kinachoshindaniwa ni dhana kwamba halijoto ya mwanzo peke yake inatosha kutabiri kitakachofuata. Maji ya moto hupoteza sehemu ya uzito wake kwa uvukizi, huwa na mikondo ya msafara yenye nguvu zaidi, hubaki na gesi chache zilizoyeyuka ndani yake, na huweza kuyeyusha sakitu iliyo chini ya chombo, hivyo kikagusana vizuri zaidi na bamba la baridi. Na maji yoyote huweza kushuka chini ya kiwango cha kuganda bila kuganda. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipitia majaribio mengi na kusema kwamba hawakuona ushahidi wa kuridhisha wa tukio hilo katika maji, ilhali mwaka 2020 watafiti wa Kanada walionyesha tukio la aina hiyo kwa punje ndogo mno za kioo zilizodhibitiwa kwa mwanga wa leza. Vyovyote shauri la maji litakavyoamuliwa, kijana yule alikuwa ameona kwamba vyombo viwili haviwezi kuelezwa kwa tarakimu mbili tu, na kwamba historia ya kitu na namna nishati yake ilivyopangika ndani yake nazo zina sauti.

Somo hili lote hukutana na haja ya leo kwenye bahari. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililonaswa na gesi zinazotokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu limeingia baharini tangu miaka ya 1970. Mita 3 hivi za juu za bahari zina uwezo wa kubeba joto sawa na angahewa yote, kwa hiyo bahari imeweza kumeza wingi wa kutisha huku halijoto yake ikipanda kwa sehemu ya nyuzi tu. Anayesoma kipimajoto pekee huona nusu ya nyuzi na kuipuuza; anayehesabu jouli huona akiba ambayo itachukua karne nyingi kupungua. Viumbe wa baharini hawaipuuzi. Matumbawe yanayokaa kwa wiki kadhaa katika maji yaliyozidi kwa nyuzi 1 kiwango cha kawaida cha miezi ya joto huwatoa mwani wadogo wanaoyalisha, hugeuka meupe na mara nyingi hufa, kama ilivyotokea kwa kiwango kikubwa katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1998. Huko Zanzibar, ambako kilimo cha mwani kilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwapatia wanawake wengi kipato chao wenyewe, ile aina yenye bei nzuri zaidi imekuwa ikishindwa kustawi katika maji ya kina kifupi yanayopata moto wakati wa maji kupwa, na baadhi ya wakulima wamelazimika kufuata maji ya kina kirefu zaidi.

Hatari ya pili iko hewani, nayo pia hujificha nyuma ya tarakimu. Bahari iliyopata moto huvukiza zaidi, na hewa yenye mvuke mwingi hulizuia jasho lisifanye kazi yake. Wanasayansi huipima hali hiyo kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji kwenye ncha yake, ambacho husoma halijoto ya chini hewa inapokuwa kavu na hukaribiana na kile cha kawaida unyevu unapozidi. Kipimo hicho kikifika nyuzi 35, hata mtu mwenye afya aliyeketi kivulini hawezi kulitoa joto la mwili wake kwa muda mrefu, na majaribio ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba kwa watu wengi mpaka halisi uko chini ya hapo. Taarifa ya hali ya hewa inayotaja nyuzi bila kutaja unyevu humpa nusu ya ukweli mchukuzi wa bandarini, kibarua wa mashamba ya chumvi na fundi anayeezeka bati saa saba mchana, na nusu iliyoachwa ndiyo inayohusu uhai wake.

Kwa sababu hizo elimu ya msingi ya joto haistahili kubaki kwenye mtihani wa kidato cha pili na kusahauliwa baada yake. Tofauti aliyoibainisha Black kwa chupa mbili, iliyopimwa na Joule kwa makasia na kuulizwa upya na mwanafunzi wa Magamba, ndiyo inayohitajika katika kupanga saa za kazi za juani, kuchagua kuta na mapaa ya shule, na kuamua ni sehemu zipi za bahari zilindwe kabla hazijapauka. Ukali wa joto hujitangaza wenyewe, na kila mtu huukimbia. Wingi wake hukusanyika kimya kwa miaka, na wakati kipimajoto kinapoanza kuuonyesha kwa uwazi, sehemu kubwa ya madhara yake huwa imekwisha kuamuliwa. Kuuhesabu mapema ni wajibu ambao sayansi imeuwezesha, na wanaolipa gharama ya kuuahirisha ni wale wanaofanya kazi juani na majini.